Ua la Usambara limejaa madirishani Ulaya, basi huku kwetu liko hatarini vipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja wilayani Muheza. Wanafunzi wa klabu ya mazingira wameniletea mmea mdogo wenye majani ya vinyweleo na maua ya zambarau. Wanasema waliukuta umejishikiza kwenye jabali, kando ya kijito kilicho juu ya kijiji. Nilipotafuta mtandaoni nikaona maua yanayofanana nao yakiuzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, halafu hapohapo nikasoma kwamba mmea huu uko hatarini kutoweka. Kipi ni kweli? Na je, tukiing'oa michache tukaipanda kwenye bustani ya shule, si tutakuwa tumeiokoa? Kuna mtu mjini anasema wazungu wanainunua.

Jibu: Mwalimu, yote mawili ni kweli. Mmea huo umejaa madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, na huku milimani kwetu uko mashakani. Ama hilo la kuing'oa ili kuiokoa, jibu langu ni hapana. Nitaeleza kwa nini, na huo mliokwisha kuuleta shuleni nitasema la kuufanya. Huyo mtu wa mjini nitamgusa mwishoni.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia kitu kimoja. Chukua ua lililofunguka vizuri ulitazame kwa karibu. Saintpaulia, ambayo wengi wanaijua kwa jina la violeti ya Afrika, ina petali tano zilizoungana kwenye kitako: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa kidogo. Ua limekaa wazi, halina mrija wa maana, kwa hiyo vile vifuko viwili vya chavua vya rangi ya njano vinaonekana hata kwa mtu aliyesimama. Pembeni yake kuna kijiti kirefu cha kupokelea chavua, nacho hakisimami katikati. Kimepinda. Kagueni maua kadhaa: mengine kijiti kimeelekea kulia, mengine kushoto. Majani hutoka karibu na ardhi kwa kuzunguka, yana vikonyo virefu na vinyweleo vinavyoonekana wazi jani likielekezwa kwenye mwanga. Ipo na aina ya Amani, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Saintpaulia grotei, ambayo shina lake hutambaa juu ya mwamba, hivyo usishangae ukikuta mmea usio na umbo lile la duara.

Ikiwa ua lina mrija mrefu na ile njano imejificha ndani, huenda wanafunzi wamekuta Streptocarpus, ndugu yake wa karibu, nao pia wa misitu hiyohiyo. Ikiwa nyuma ya ua unaning'inia mkia mwembamba na shina limejaa maji, hiyo ni Impatiens. Kwa maelezo uliyonipa, hasa lile jabali la kando ya kijito, nadhani vijana wako wamepatia.

Sasa hadithi ya vile vyungu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani katika eneo la Tanga, aliukuta mmea huu na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliuandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mbegu zikaingia mikononi mwa kampuni ya Benary ya Erfurt, biashara ikaanza. Katikati ya miaka ya 1920 kitalu cha Armacost na Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikapanda miche mingi na kuchagua aina 10 tu za kuuza. Hizo 10 ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya kilichofuata: maelfu ya aina za bustani, zenye petali za kukunjana, za waridi, nyeupe, zenye ukingo wa rangi mbili, ndogo za kukaa kwenye kikombe.

Kwa hiyo mimea yote hiyo iliyotapakaa duniani imetoka kwenye mafungu machache sana yaliyochukuliwa hukuhuku Tanga. Imechaguliwa kwa zaidi ya miaka 100 ili ipendeze sebuleni na ivumilie hewa ya ndani ya nyumba. Haina habari ya aina zilizoko Uluguru, Nguru au Taita. Kuku wa kisasa wamejaa mabandani dunia nzima, lakini hilo halimsaidii lolote kuku wa mwitu wa misitu ya Asia. Ndivyo ilivyo hapa. Kibaya zaidi, mmea wa chungu ukipandwa karibu na msitu unaweza kuzaliana na wa porini na kuuchafulia mbegu. Ukiwa na mtu pale shuleni anayemiliki violeti ya dukani, ibaki ndani ya nyumba.

Porini habari ni tofauti kabisa. Saintpaulia ni mmea wa Tanzania na Kenya tu. Makao yake makuu ni Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo wa milima ya miamba ya kale unaoanzia Taita, Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge. Milima hii inapokea mvua na ukungu kutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake imekaa mbalimbali, kila mmoja juu ya kilima chake, nyanda kavu zikiutenga na mwenzake. Mmea usiotembea ukifungiwa hivyo kwa muda mrefu hubadilika kivyake. Tazama majina ambayo wataalamu walizipa aina hizi zamani: shumensis ya Shume, tongwensis ya mlima Tongwe, ambao upo hukohuko wilayani kwenu, magungensis ya Magunga, amaniensis ya Amani, teitensis ya Taita. Ukisoma orodha ile ni kama umepanda basi la Tanga.

Ile teitensis ndiyo mfano ninaoutumia kila nikitaka kuonyesha maana ya neno nadra. Inajulikana kutoka msitu wa Mbololo pekee, juu ya Taita, kipande cha takriban hekta 200. Hakuna kwingine duniani. Pwani ya Kenya nako, mbali kabisa na milima mirefu, kuna aina iliyoitwa rupicola, inayoishi kwenye majabali ya Cha Simba karibu na Kaloleni na sehemu nyingine chache. Majabali yale yakiachwa bila miti, aina ile imekwisha.

Nimetaja jabali mara nyingi kwa makusudi. Mtu akisikia mmea wa msituni huwaza kwamba umetapakaa msitu mzima. Saintpaulia haiko hivyo. Unaweza kutembea ndani ya msitu mzuri kutwa nzima usiuone hata mmoja, kisha ukashuka kwenye korongo, ukakuta mwamba umeelekea upande usiopigwa na jua la mchana, umefunikwa kuvu na kijani laini cha unyevu, na hapo ikawepo mingi, midogo na mikubwa, kwenye eneo lisilozidi ukuta wa darasa. Mizizi yake ni mifupi. Haichimbi chini kutafuta maji. Inategemea ule utando mwembamba wa mboji na unyevu ulioshikwa na jiwe. Juu ya jiwe lazima kuwe na miti ya kuzuia jua, na karibu yake maji au ukungu. Ndiyo maana huwezi kuulinda mmea huu kwa kuulinda wenyewe. Unalinda jiwe lake, kivuli cha jiwe na mkondo unaopita chini yake.

Hapa ndipo niingie kwenye hilo la hadhi yake ya uhifadhi, maana najua mwalimu wa baiolojia atataka kujua neno hatarini linapimwaje. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, haiangalii idadi ya mimea peke yake. Ina vigezo kadhaa, na kwa mimea ya namna hii kinachotumika sana ni ukubwa wa eneo. Mmea ukitapakaa kwenye eneo lisilofika kilomita za mraba 5,000, au eneo unalolikalia hasa halifiki kilomita za mraba 500, unaweza kuingizwa kundi la Walio Hatarini. Kwa kundi la Walio Hatarini Mno, mipaka ni kilomita za mraba 100 na kilomita za mraba 10. Lakini eneo dogo pekee halitoshi. Lazima yathibitike mambo mawili kati ya matatu: kwamba mmea umegawanyika vipande visivyofikiana au upo sehemu chache (zisizozidi 5 kwa kundi la kwanza, sehemu 1 tu kwa kundi la pili), kwamba unaendelea kupungua, au makazi yake yanaendelea kuharibika, au kwamba idadi yake inapanda na kushuka kupita kiasi.

Kuna mambo mawili humo ambayo watu huyapita haraka. Eneo linalokaliwa hupimwa kwa kuchora miraba ya kilomita 2 kwa 2 juu ya ramani na kuhesabu ile yenye mmea. Jabali moja lenye mimea 30 linahesabiwa kilomita za mraba 4, ingawa mimea yenyewe ingeenea kwenye meza mbili za darasani. Kwa hiyo takwimu za Saintpaulia, ndogo kama zilivyo, bado zinaupa mmea eneo kubwa kuliko linalokaliwa kweli. La pili: neno sehemu kwenye vigezo hivyo halimaanishi nukta ya ramani. Linahesabiwa kwa tishio. Ikiwa moto mmoja, au uamuzi mmoja wa kufyeka bonde, unaweza kumaliza majabali sita yaliyoko kwenye bonde hilo, basi yote sita ni sehemu moja. Wafundishe hivyo wanafunzi, wataelewa kwa nini mmea unaoonekana kuwa mwingi pale kijitoni unaweza kuwa hatarini kwa hesabu za kitaalamu.

Na kuna mkanganyiko wa majina unaogusa hesabu hizi moja kwa moja. B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh alieleza aina nyingi miaka ya 1950 na 1960, zikafika karibu spishi 20. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa bustani ya mimea ya Kew, London, alizipitia upya akaona nyingi hazitofautiani kiasi cha kuitwa spishi, akaziweka chini ya Saintpaulia ionantha kama nususpishi, yaani vigawanyo vya ndani ya spishi moja. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ukoo mzima wa Saintpaulia unaangukia ndani ya Streptocarpus, na tangu 2015 wataalamu wengi wanaziita hivyo: Streptocarpus ionanthus, Streptocarpus teitensis na kadhalika. Mimi bado nasema Saintpaulia nikiongea na watu, na sioni dhambi.

Shida ni kwamba ukizikusanya aina nyingi ndani ya spishi moja, spishi hiyo inakuwa na eneo kubwa na inaonekana iko salama kuliko ilivyo. Ile ya Tongwe ikipotea, mhasibu wa spishi atasema ionantha ipo Amani, hakuna tatizo. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa la kuangalia. Kinachopaswa kuhesabiwa ni kila kundi la mlima wake, liitwe spishi, nususpishi au jina lolote litakalokuja mwaka kesho.

Nini kinaupunguza? Kwa Usambara Mashariki mlolongo wake unajulikana. Misitu ya juu ilifyekwa kwa ajili ya mashamba ya kahawa na baadaye chai. Miaka ya 1970 na 1980 ukaja uvunaji mkubwa wa magogo uliosaidiwa na fedha za Finland. Kelele za wanasayansi na wananchi zikaukomesha, na tangu 1991 Finland hiyohiyo ikaanza kufadhili uhifadhi. Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa rasmi, hekta 8,380, ikiunganisha misitu kadhaa ya akiba pamoja na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Bila hatua hiyo, nadhani leo tungekuwa tunazungumzia mmea wa kwenye picha. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu walimiminika upande wa Sakale na kuvuruga vijito ambavyo humwaga maji Mto Zigi, mto ambao jiji la Tanga linaunywa.

Lakini tishio ambalo watu wa Muheza wanalijua kuliko mimi ni iliki, na nataka nilizungumzie kwa haki. Mkulima wa iliki hakati kila mti. Anaacha mikubwa kwa ajili ya kivuli, anafyeka ya chini, anapanda. Ukipita barabarani unaona msitu umesimama. Ingia ndani, utakuta hakuna miche ya miti, hakuna mizabibu mwitu, ardhi imelimwa hadi kwenye mguu wa mwamba. Miti mikubwa ikizeeka na kuanguka haina wa kurithi. Baada ya miaka kadhaa iliki inapungua mazao, mkulima anageukia migomba, miwa au mdalasini, na hapo jua linaingia moja kwa moja. Saintpaulia ya kwenye jabali inaweza kuishi miaka yote ile ya iliki, tena ikachanua vizuri. Inakufa ule mwaka kivuli kinapokwisha: majani yanageuka njano, yanapata madoa ya kuungua, ule utando wa unyevu juu ya jiwe unakauka na kubanduka vipande vipande, mmea ukienda nao.

Silaumu wakulima. Iliki imesomesha watoto wengi wa milimani. Msitu wa Derema ulipotengwa, chini kidogo ya hekta 1,000, ili kuunganisha Amani na misitu ya kaskazini, wenye mashamba ya iliki ndani yake walilipwa fidia ya mazao, na fidia ile ilileta manung'uniko mengi. Uhifadhi unaomwacha mtu bila shamba hupata adui wa kudumu, na jabali moja lenye maua halina mlinzi wa kukesha nalo.

Sasa nyuki, kwa sababu hapa ndipo wazo la bustani ya shule linapoanguka. Ua la Saintpaulia halina nekta ya kumlipa mgeni. Linatoa chavua tu, tena imefungiwa ndani ya vile vifuko vya njano ambavyo hufunguka kwa tundu dogo nchani. Mdudu akitua akapapasa, hapati kitu. Anayeweza kuitoa ni nyuki anayejua kutikisa: anakumbatia vifuko, anatulia, kisha anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, mvumo wake unabadilika ghafla ukawa wa juu, na chavua inamrukia tumboni. Huko Taita wanaoonekana kufanya kazi hiyo ni nyuki wa jamii ya Amegilla, wale wanaoishi mmoja mmoja na kuchimba vishimo kwenye udongo. Hao hawafugwi mizingani. Kile kijiti kilichopinda, nilichokuambia ukitazame, kinahusika hapa: ua lililopinda kulia linamgusa nyuki upande mmoja, lililopinda kushoto upande wa pili, na hivyo chavua husafiri kati ya maua tofauti badala ya kuishia palepale.

Jabali likibaki peke yake katikati ya shamba, nyuki wa jabali la jirani hafiki. Mimea inazaa na ndugu zake. Watafiti waliofanya kazi Usambara Mashariki, akiwemo Johanna Kolehmainen wa Finland, wamelifuatilia hilo kwa makini: mbegu za uzazi wa karibu hutoa miche dhaifu. Kundi linaweza kuonekana lina afya kwa miaka, lina maua, lina vitumba vya mbegu, na huku linaporomoka polepole.

Bustani ya shule haina jabali, haina ukungu na haina Amegilla wa kutosha. Mkiing'oa mimea kumi, mtakuwa mmeondoa wazazi kumi kwenye kundi ambalo pengine lina arobaini. Pale shuleni baadhi itakufa kiangazi cha kwanza, itakayobaki haitazaa. Na mahali ilipong'olewa pale jabalini huwa hapazibiki kirahisi: mizizi ikitoka, inatoka na mboji iliyochukua miaka mingi kujijenga.

Isitoshe kuna sheria. Kama kijito hicho kiko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, kuchukua mmea bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na nia njema ya mwanafunzi haibadilishi kitu. Kama kiko kwenye ardhi ya kijiji, bado wenye mamlaka ni serikali ya kijiji.

Kwa huo mliokwisha kuuleta: ikiwa bado una mboji yake ya jabalini na haujachanganywa na udongo wa bustani, urudishwe leo, kwenye mwamba uleule, ufa uleule, ubanwe kwa ule unyevu uliotoka nao. Usirudishwe ikiwa umekwisha kupandwa kwenye udongo wa kitalu, kwa sababu utapeleka minyoo ya mizizi na magonjwa kwa wenzake. Katika hali hiyo uwekeni kivulini, ndani ya mfuko angavu uliotobolewa, kisha wasilianeni na ofisi ya hifadhi pale Amani, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, waeleze wenyewe wanataka uende wapi. Hawatawauma. Wengi wao wanafurahi kupata mwalimu anayeuliza.

Kama lengo ni wanafunzi waone jinsi mmea unavyokua, basi mkipata ruhusa ya kijiji au ya hifadhi, jani moja lililokomaa linatosha. Likate na kikonyo chake, lichomeke kwa mshazari kwenye mchanga mchanganyiko na mboji iliyopikwa ili kuua vimelea, lifunikwe lisipoteze unyevu, liwe na mwanga lakini si jua. Baada ya wiki kadhaa miche midogo itachomoza kwenye kitako cha kikonyo. Msimwagie maji baridi juu ya majani, yanaacha madoa. Hilo ni somo zuri la uzazi usio wa jinsia, na waambieni wanafunzi wazi kwamba miche yote hiyo ni nakala ya mmea mmoja. Haiongezi chochote porini na haipelekwi porini.

Kazi ya uhifadhi yenyewe, ninyi mnayo nafasi ambayo mimi sina: mko karibu. Pigeni picha za jabali kutoka mahali palepale kila masika na kila vuli. Hesabuni mimea mikubwa, michanga na yenye maua, kwa macho, bila kupanda juu ya mwamba, maana kandambili moja inabandua utando wa miaka. Andikeni kama miti ya juu yake imeongezeka, imepungua au imebadilika. Angalieni kama kuna mtu anapasua mawe ya kokoto karibu, kwa sababu hilo humaliza kundi zima kwa siku moja na hakuna anayeliona kama uharibifu wa msitu.

Kisha nendeni kwenye kamati ya mazingira ya kijiji na jambo moja mahususi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Watu wengi wanaijua kwa kusikia tu. Pimeni mita 60 pale kijitoni, na wanafunzi washike kamba. Mtaona kama jabali limo ndani ya eneo hilo, na mara nyingi limo. Mkipanda miti, pandeni ya asili inayoota hapohapo juu ya kijito, si mikaratusi, na si Maesopsis, ambayo ilipandwa sana Usambara Mashariki ikavamia msitu. Kijiji pia kinaweza kuutenga msitu wa kijitoni kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya ile sheria ya 2002. Ni mchakato wa mikutano na ramani, lakini umefanyika vijiji vingi.

Huyo mtu wa mjini mwambieni hapana, na msimwonyeshe njia. Wauzaji wa Ulaya wana mbegu na vipandikizi vyao tangu enzi za Benary, hawahitaji mmea wa kijitoni kwenu. Anayeutaka ni mkusanyaji wa vitu adimu, na mnunuzi wa namna hiyo hulipa vizuri zaidi kadiri mmea unavyobaki mchache. Kupeleka mmea hai nje ya nchi kunahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, pamoja na kibali cha wenye msitu, na mtu anayeuliza bei mitaani hana hata kimoja. Kwa sababu hiyohiyo, mkianza kutoa matokeo ya hesabu zenu, tangazeni idadi na wilaya, basi. Jina la kijito na picha inayoonyesha njia vibaki kwenye daftari la klabu na kwa ofisi ya hifadhi.